Mtoto Mwanamichezo Haangushwi na Maharage

Kuna hukumu moja inayotolewa kwa wepesi mno katika viwanja vya michezo vya Mbeya na Iringa. Binti wa miaka 12 akianguka kwenye zoezi la sarakasi, mvulana akiishiwa pumzi mzunguko wa mwisho, timu ya shule ikirudi mikono mitupu kutoka mashindano ya mkoa, mtu mzima mmoja atasema na wenzake wataitikia kwa kichwa: hawa watoto wanashindia maharage, nguvu watazitoa wapi? Mzazi Msabato aliyewalea wanawe bila nyama huambiwa anawanyima haki yao. Familia ya Kihindu ya mjini Iringa huambiwa mtoto wao atafute mchezo wa kukaa kitini. Na kambi ya timu ikikaribia, mchango wa kwanza kutajwa ni wa nyama.

Naipinga hukumu hiyo. Si ya kweli, na laiti isingekuwa na madhara ningeiacha ipite. Lakini inawapa watu wazima kisingizio cha kutolitazama kosa lenyewe, nalo ni kwamba tunawafanyisha watoto mazoezi ya saa mbili huku tukiwapa chakula kisichowatosha hata kwa kukaa darasani. Mtoto anayelishwa vizuri kwa nafaka, mikunde, mboga, matunda, maziwa na mayai ana uwezo wa kukimbia, kuruka na kupinduka kama mwenzake anayekula nyama. Mtoto anayeshinda na njaa hataokolewa na kipande cha nyama cha Jumapili.

Nianze na jambo ambalo watoa hukumu hulisahau. Katika kaya nyingi za Rungwe, Mbarali, Kilolo na Mufindi, nyama ni chakula cha sikukuu, cha mgeni au cha siku ya mnada. Siku nyingine zote kuna ugali, ndizi, viazi, wali kwa walio nao, maharage, njegere, mnafu na majani ya maboga. Kwa hiyo tukitaja watoto wanamichezo wasiokula nyama, hatuwazungumzii wachache wenye imani yao tu. Tunawazungumzia watoto wetu walio wengi, siku nyingi za mwaka. Ukisema hao hawawezi michezo umewafungia mlango karibu wote, na kigezo ulichotumia ni mfuko wa mzazi.

Hukumu hiyo hupata nguvu zaidi inapofika kwenye michezo ya viungo. Mbeya na Iringa hazijulikani kwa kumbi za jimnastiki, lakini watoto wake wanapinduka: katika vikundi vya sarakasi vya mtaani, katika vikundi vya ngoma, na katika halaiki za sherehe za kitaifa, ambapo mtoto mwepesi husimama juu ya mabega ya wenzake. Utasikia: mkimbiaji wa mbio ndefu anaweza kuponea ugali, ila anayeruka hewani na kutua kwa miguu yote miwili anahitaji misuli, na misuli ni nyama.

Misuli hujengwa kwa protini, na mwili haujali protini hiyo imetoka buchani au shambani, mradi imekamilika na inatosha. Mahindi pekee hayajakamilika, kwa kuwa yana upungufu wa kijenzi cha protini kinachoitwa lisini. Maharage yana lisini kwa wingi, na upungufu wake uko kwenye kijenzi kingine ambacho mahindi yanacho. Ukila vyote viwili, kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Bibi zetu waliopika makande hawakuhitaji maabara kulijua hilo, ila maabara imekuja kuwaunga mkono.

Tufanye hesabu, maana mjadala huu umekosa hesabu kwa muda mrefu. Mtoto wa kilo 35 anayefanya mazoezi makali, tukimpimia gramu 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, anahitaji gramu 52 au 53 kwa siku. Gramu 300 za unga wa dona, kwa uji na ugali wa siku nzima, zina gramu 24 hivi za protini. Gramu 100 za maharage makavu zina gramu 22. Konzi ya karanga ya gramu 30 ina gramu 7, na glasi ya maziwa ina 8. Jumla ni gramu 61. Hakuna mnofu hata mmoja katika hesabu hiyo, na hitaji limepitwa.

Sasa geuza hesabu iangalie nishati. Chakula hicho hicho kinatoa kilokalori 1,750 hivi, wakati mtoto huyo siku ya mazoezi anaweza kuhitaji 2,200. Hapo ndipo lilipo pengo. Linazibwa na nusu parachichi, viazi vitamu viwili na kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti, vitu ambavyo nyanda hizi zinavitoa kwa wingi. Lisipozibwa, mwili unaanza kuchoma protini ili upate nguvu ya kutembea, na hata ile ya nyama itaishia motoni humo humo. Ndiyo maana nasema kambi inayonunua nyama na kubania ugali inatupa fedha. Kwa bei za masoko yetu, fedha ya kilo moja ya nyama ya ng'ombe hununua kilo tatu hivi za maharage, na katika kilo hizo tatu kuna protini mara tatu ya ile ya kilo moja ya nyama.

Mifano ya wanamichezo ipo. Murray Rose wa Australia alilelewa na wazazi wasiokula nyama, naye hakuila. Mwaka 1956, akiwa na miaka 17, alichukua medali tatu za dhahabu za kuogelea katika Olimpiki ya Melbourne, na mwaka 1960 akaitetea ile ya mita 400 mjini Rome. Huyo alikuwa kijana anayekua, mwenye umri wa watoto wetu wa sekondari. Carl Lewis wa Marekani aliacha vyakula vyote vya wanyama mwaka 1990. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 30, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.86 kwenye mashindano ya dunia ya Tokyo na kuweka rekodi mpya ya dunia. Mbio za mita 100 ni mlipuko wa misuli mitupu. Anayedai kwamba misuli ya kulipuka haiwezi kuishi bila nyama aeleze zile sekunde 9.86 zilitoka wapi.

Karibu zaidi na sisi, watafiti waliopima chakula cha vijana wa Kikalenjin wanaokimbia wakiwa shuleni, nchini Kenya, walikuta sehemu kubwa ya chakula chao ni mahindi na maharage. Utafiti mwingine, uliotolewa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji wakubwa wa Kenya wakiwa kambini, ulikuta asilimia 86 ya nishati yao inatoka kwenye mimea. Wale si walaji mboga kwa kiapo. Wanakunywa maziwa, na nyama kidogo wanaila. Ila hakuna anayeweza kusema kwamba ugali na maharage viliwazuia kuishinda dunia.

Nakuja kwenye hoja nzito ya upande wa pili, ambayo nisingependa kuikwepa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wilayani Embu nchini Kenya, watoto wa shule za msingi waligawiwa githeri, yaani makande, kwa mafungu. Kundi moja lilitiliwa nyama, jingine lilipewa na maziwa, jingine liliongezewa mafuta, na kundi la nne halikupewa chakula hicho. Watoto wa nyama waliongeza misuli ya mkono kuliko wengine na walionekana wachangamfu zaidi uwanjani wakati wa mapumziko. Anayetaka kunibishia ana haki ya kuanzia hapo.

Namjibu hivi. Watoto wale wengi walianza wakiwa na upungufu wa vitamini B12, kwa sababu nyumbani walikuwa wakila nafaka na mikunde karibu bila chochote cha mnyama. Vitamini hiyo haipatikani kwenye mimea, na huo ni ukweli usio na mjadala. Ila kiwango chake kilipanda katika kundi la maziwa pia, si la nyama peke yake, na watoto wadogo waliodumaa walirefuka zaidi wakiwa katika kundi la maziwa. Utafiti wa Embu unathibitisha kwamba makande matupu hayatoshi, na hilo nakubaliana nalo kwa asilimia mia. Haukulinganisha nyama na mlo uliopangwa wenye maziwa, mayai, karanga, matunda na mafuta. Mlo huo ndio ninaoutetea. Na familia isiyotumia maziwa wala mayai lazima impatie mtoto vidonge vya B12 au chakula kilichoongezewa vitamini hiyo. Hapo hakuna njia ya mkato, na mzazi anayeikataa kwa jina la imani anamweka mwanawe kwenye hatari ya upungufu wa damu na ya kuharibika mishipa ya fahamu.

Madini ya chuma nayo yanahitaji akili. Chuma cha nyama hufyonzwa kwa urahisi kuliko cha maharage na mboga, na binti aliyekwisha kuvunja ungo anakihitaji zaidi ya kaka yake. Lakini chuma cha mimea hufyonzwa vizuri zaidi kikikutana na vitamini C: chungwa, pera, limao juu ya mboga, nyanya mbichi ya kachumbari. Adui yake mkubwa tunamlima wenyewe. Chai, ile inayofunika vilima vya Mufindi na Rungwe, ikinywewa pamoja na chakula hukizuia chuma kuingia mwilini. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika shule na kambi nyingi kinywaji cha mezani ni chai ya rangi, na mtoto akionekana amepauka tunalaumu kukosa nyama. Isogeze chai saa moja au mbili mbali na mlo, weka chungwa mahali pake, na upime damu yake tena baada ya miezi michache.

Wapo watakaoniuliza swali gumu kuliko yote: kama vyakula vya shambani vinatosha, mbona Iringa inaongoza kwa udumavu? Ni kweli inaongoza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 57 hivi ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni 30. Mkoa unaolisha mikoa mingine una watoto wafupi kuliko umri wao. Aibu hiyo ni yetu sote, na naomba isitumike kutetea hoja dhaifu.

Udumavu huanza tumboni na katika miaka miwili ya kwanza. Chanzo chake ni mama anayelima hadi siku ya kujifungua, mtoto anayeachwa nyumbani na kuchotewa uji mwepesi mara mbili kwa siku, kuhara kunakojirudia, na sahani yenye mahindi peke yake mwezi hadi mwezi. Iringa yenyewe ilishalithibitisha hilo. Kati ya mwaka 1983 na 1988, mpango wa lishe wa serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ulifanya kazi katika vijiji 168 vya mkoa huo, wakati Njombe ikiwa bado sehemu yake. Watoto walipimwa uzito kijijini, matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe, milo ya watoto ikaongezwa idadi, vituo vya kulelea watoto vikafunguliwa ili mama anapokuwa shambani mtoto ale. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2. Mafanikio hayo hayakuletwa na bucha. Yaliletwa na mtoto kula mara nyingi zaidi, kuchanganyiwa vyakula, na kuangaliwa.

Fundisho hilo tumelisahau katika michezo. Katika uwanja mmoja wa shule chini ya Mlima Loleza nimewahi kuwatazama mabinti wakijifunza kusimama kwa mikono na kupinduka. Mwalimu wao alikuwa hodari na mwenye upendo. Mazoezi yalianza saa kumi jioni. Niliwauliza wamekula nini tangu asubuhi, wakajibu kwa aibu: chai na andazi moja, na mmoja alikuwa amekunywa kikombe cha uji saa nne. Katikati ya mazoezi binti mmoja alikaa chini akashika kichwa kwa mikono miwili, na mzazi aliyekuwa pembeni akasema, "Huyu mwanangu apate nyama." Mwanao, dada yangu, alikuwa hajapata ugali.

Na dawa iko majumbani mwetu. Chukua ulezi, uoshe, uuloweke usiku kucha, uutandaze juu ya gunia lenye unyevu na kuufunika. Baada ya siku mbili au tatu vijimea vyeupe huchomoza. Anika mpaka ukauke, saga. Huo ndio unga wa kimea, ule ule unaotengenezea togwa. Pika uji mzito kabisa, unaokaribia kushika mwiko, uepue, upoe kidogo, kisha utie kijiko kimoja cha kimea na kukoroga. Dakika chache tu uji huo unalegea na kunyweka, bila kuongeza tone la maji. Maana yake ni kwamba kikombe kile kile kinabeba unga mwingi zaidi, na mtoto mwenye tumbo dogo anapata nishati bila kushiba maji. Wataalamu wetu, akiwamo Wilbald Lorri aliyepata kuiongoza Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, walilichunguza jambo hili kwa miaka. Kuotesha na kuchachusha nafaka pia hupunguza viambata vinavyong'ang'ania chuma na zinki, na kuloweka maharage husaidia kwa njia hiyo hiyo. Ongeza karanga za kusaga na maziwa katika uji huo, mpe mtoto saa nane mchana, kisha umwite uwanjani saa kumi.

Lipo jambo moja ambalo wapenzi wa mlo usio na nyama hawapendi kulisikia, nami nitalisema kwa sababu linahusu uhai. Katika michezo ya viungo wembamba husifiwa. Mtoto mwepesi ndiye anayerushwa, ndiye anayesimama kileleni. Binti akiambiwa mara mbili kwamba amenenepa anaanza kukwepa chakula, na maneno "mimi sili nyama" yanaweza kuwa pazia la kufichia njaa ya kujitakia. Christy Henrich, mwanajimnastiki wa Marekani, alifariki mwaka 1994 akiwa na miaka 22 baada ya miaka ya kujinyima chakula. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1997, shirikisho la kimataifa la jimnastiki lilipandisha umri wa wasichana wa kushindana ngazi ya wakubwa hadi 16. Mwaka 2014 wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walitoa tamko juu ya hatari ya mwanamichezo kukosa nishati ya kutosha: hedhi hukoma, mifupa hudhoofika, kinga ya mwili hushuka, ukuaji husimama. Tamko hilo linamhusu anayekula nyama na asiyekula vilevile.

Kwa hiyo mtoto akiacha nyama ghafla, mzazi amuulize kwa upole ni kwa nini, na aangalie kama ameacha pia ugali, mafuta na karanga. Akiwa ameacha vyote, hilo ni tatizo la afya na apelekwe kwa mganga. Akiwa ameacha nyama tu na sahani yake imejaa, tumwache afanye mazoezi kwa amani.

Simkatazi yeyote kula nyama. Anayeipata na kuipenda aile, na usipa wa Ziwa Nyasa ni chakula kizuri sana kwa mtoto anayekula samaki. Ninachokataa ni kumfanya mtoto asiyekula nyama ajione ameshindwa kabla ya kuanza, na kumfanya mzazi maskini aamini kwamba kipaji cha mwanawe kinasubiri fedha ya bucha.

Nawaomba walimu wa michezo wa Mbeya na Iringa wasianzishe mazoezi ya jioni kabla ya kujua kila mtoto amekula nini mchana. Nawaomba wajumbe wa kamati za shule, wanapokusanya mahindi na maharage ya wazazi, wakusanye pia karanga, ulezi wa kimea na mafuta ya alizeti, na waikubali dona badala ya sembe. Nawaomba wazazi wampe mwanamichezo mlo wa nne, na yai au glasi ya maziwa kila siku inapowezekana. Kituo cha utafiti cha Uyole kimetumia miaka mingi kutuzalishia mbegu bora za maharage, na masoko ya Mwanjelwa na Iringa mjini yanauza maharage ya kila rangi. Chakula kipo. Anayetaka medali kutoka kwa mtoto ahakikishe kwanza mtoto huyo ameshiba.